Farasi wa Bibi Harusi

Simu ya baba yake ilimkuta Kifurushi akiwa na kichwa cha mteja katikati ya magoti na kitana mdomoni.

"Mwanangu," mzee alisema, hata salamu hakuitoa, "nataka farasi wa mwisho."

Mtu mwingine angedhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Kifurushi alitoa kitana mdomoni, akamwomba mteja radhi, akatoka kwenda kusimama kibarazani, kwa sababu alielewa vizuri kinachoombwa na hakutaka wateja wamwone akilengwalengwa na machozi.

"Wa mlimani, baba?"

"Wa mlimani. Nivuke tangi kwa gia ya tatu, mara moja tu. Halafu kaka yako amchukue, ampeleke anakotaka."

Mambo yalikuwa hivi. Goti la kushoto la mzee lilikuwa limechoka, na goti la kushoto ndilo la klachi. Daktari alisema kuendesha basi. Kaka mkubwa naye akasema basi, kwa sauti kubwa kuliko ya daktari, maana ndiyo kazi ya makaka wakubwa, na ikakubaliwa kwamba wiki inayofuata gari lipate mwenyewe mwingine. Mzee hakubisha. Hilo ndilo lililomtisha Kifurushi, kwa kuwa baba yake alikuwa mtu wa kubisha hata na redio. Tangu wamzike mama, hakuwa amefungua boneti hata siku moja. Hakuomba kitu, hakukataa kitu, alikula alichowekewa. Sasa, kwa mara ya kwanza, ametaka jambo. Kifurushi aliapa moyoni kwamba atalipata, hata kama yeye mwenyewe atalisukuma gari kwa mabega.

Gari lenyewe lilikuwa la kawaida kabisa, la milango minne, jeupe, pua butu, la kubebea familia na mahitaji ya wiki. Ukilikuta limeegeshwa kati ya mengine ungelipita bila kugeuza shingo. Nyumbani aliitwa Bibi Harusi. Sababu moja ilikuwa weupe wake. Ya pili ilikuwa mwendo, maana hakuwa na haraka hata kama ukumbi mzima unamsubiri.

Baba alikuwa karani wa posta, dirisha la vifurushi. Alikuwa mtu wa mizani na kamba za katani, na mtu wa namna hiyo akiwa na gari lililoshindwa na mlima hawezi kutulia. Kila Jumapili walikwenda kwa bibi, mama yake mama, aliyeishi ng'ambo ya mlima wenye tangi la maji kileleni. Na kila Jumapili, wakifika kwenye kona yenye ukuta wa mawe, Bibi Harusi alianza kutetemeka. Baba alirudisha gia ya pili, kisha ya kwanza, mshale wa joto ukapanda, na mama akasema maneno yaleyale.

"Haya wanangu, tushuke tumpunguzie Bibi Harusi mizigo."

Wakashuka, mama na watoto watatu, wakaumaliza mlima kwa miguu. Baba alitangulia peke yake, akawasubiri kwenye tangi akiwa amenuna.

"Siku ya kwanza alipanda!" alikuwa akilalamika. "Siku ile ile niliyomnunua. Gia ya tatu, nyote mkiwa ndani, na mizigo ya bibi juu!"

Watoto walikonyezana. Walijua baba anatia chumvi.

Ndipo alipoanza kuongeza farasi. Aliwaeleza mezani kwamba nguvu ya injini huhesabiwa kwa farasi, na Kifurushi, aliyekuwa mdogo, aliamini kabisa kwamba chini ya boneti wamo, wadogo wadogo, wamefungwa kamba. Kila Jumamosi baba aliingia uani na bisibisi zake, na jioni mama aliuliza huku akigawa chakula.

"Umeongeza wangapi leo?"

"Wawili. Labda watatu."

"Na majani yao nani atakata? Mimi simo."

Alibadilisha plagi. Alizibua matundu ya kabureta kwa sindano ya cherehani ya mama, jambo lililoleta kununiana nyumba nzima, maana mama alikuwa fundi cherehani na sindano zake hazikuguswa na mtu. Alikata bomba la ekzosi akaweka pana zaidi, wakawa wanasikika mtaa wa pili kabla hawajatoka uani. Alitengeneza chujio la hewa kwa kopo la maziwa ya unga. Haya yote yalipogonga mwamba akageukia uzito, na hapo ndipo alipojidai hasa. Redio ikatoka. Vifuniko vya tairi vikatoka. Akang'oa mazulia yote isipokuwa lile la miguuni pake, alisema bati tupu litamchoma nyayo. Jeki ikabaki nyumbani, na siku walipopata pancha ndipo ilipokumbukwa.

Kisha akawapima wao. Jumamosi mchana, posta ikishafungwa, aliwapanga watoto kwenye mzani wa mizigo mikubwa. Kaka mkubwa alipita. Mdogo wao wa mwisho alipita bila mshale kushtuka. Yeye, wa kati, alikuwa mnene kuliko hao wawili, na baba aliusoma mshale, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Kifurushi hiki kitakula stempu," alisema.

Jina likamganda hapohapo. Leo hii limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa saluni, na wateja wanadhani ni jina la biashara tu.

Mama aligoma kupanda mzanini. "Mimi sipimwi," alisema. "Mimi si mzigo. Mimi ndiye mwenye mizigo."

Lakini ndiye aliyekuwa mfuasi wa kwanza wa baba. Alikaa mbele, pochi mapajani, kiganja kimoja kwenye dashibodi, na mlima ulipoanza alifumba macho kana kwamba anasikiliza mapigo ya mgonjwa. "Leo ana nguvu kidogo," alisema. "Nimehisi." Baba alivimba kichwa papo hapo. Dakika chache baadaye walikuwa wameshuka wote, wanatembea.

Kifurushi akikumbuka utoto wake, haukumbuki akiwa ndani ya gari. Anaukumbuka pembeni ya barabara ile, mkono wake ndani ya mkono wa mama wenye vidole vigumu kwa sindano, viatu vya mama vimeshikwa na kaka, mdogo wao mgongoni, na mbele kabisa gari jeupe likizidi kuwa dogo. Kabla halijapotea juu, baba alipiga honi mara mbili. Mama aliinua mkono, akijua kwamba anatazamwa kwenye kioo. Kifurushi alikuwa na furaha wakati ule, furaha kamili, na hakuna aliyemwambia kwamba ndiyo hiyo.

*

Jumamosi asubuhi wakampeleka Bibi Harusi kwa Fundi Sauti. Jina hilo alipewa kwa haki. Maisha yake yote alikuwa amezungumza juu ya ngurumo za injini, na sasa hata kwenye gereji tulivu alizungumza hivyohivyo, kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Mzee aliketi kwenye benchi getini, fimbo kati ya miguu, akatoa maagizo.

"Safisha kabureta, weka plagi mpya, basi. Usiniharibie mchezo."

"MCHEZO GANI, MZEE?"

"Wewe safisha."

Fundi alisafisha. Alipomaliza, alimwita Kifurushi akae nyuma ya usukani, naye akainama juu ya injini.

"KANYAGA MAFUTA MPAKA CHINI, DADA!"

"Nimekanyaga."

"MPAKA CHINI!"

"Ndiyo chini hapa, fundi. Mguu umegota."

Fundi Sauti akakunja uso. Pale kwenye kabureta kuna kibati kidogo cha duara, mafundi wanakiita kipepeo, ambacho hufunguka kuingiza hewa kadiri unavyokanyaga. Kipepeo hiki kilifika nusu kikasimama. Fundi akakifungua kwa kidole, kikafunguka chote bila taabu. Akazunguka gari, akapiga magoti mlangoni, akafunua lile zulia la miguuni.

Upande wa chini wa zulia, mahali hasa pedali inapotua, palikuwa na kifuko cha kitambaa kilichoshonewa. Ndani yake kulikuwa na kitu kigumu. Kifurushi alikibonyeza, na kabla hajakitazama vizuri vidole vyake vilishakitambua. Ilikuwa roli ya uzi, zile za zamani za mbao, nene juu na chini, nyembamba katikati. Kitambaa kilikuwa cha kijani, mapazia ya nyumba yao ya kwanza. Na mshono ulikuwa wa mama. Mishono midogo iliyolingana, inayorudi nyuma kila hatua, kama ile iliyoshika mifuko ya sare zao za shule hata pale sare yenyewe ilipochakaa. Upande mmoja tu ulikuwa umeshonwa ovyo, kwa kamba nene ya katani. Kifurushi alidhani siku hiyo mama aliishiwa uzi.

"HAA!" Fundi Sauti alipiga makofi. "DADA, KUMBE GARI HII IMEZIBWA MIAKA YOTE! NANI ALIWEKA HIKI KIDUDE?"

"Kuna nini huko?" mzee aliuliza kutoka getini.

Kifurushi aligeukia getini. "Panya, baba!" alipaza sauti. "Kuna kiota cha panya!"

Mzee aliegemea fimbo yake.

"Basi mwacheni," mzee alisema. "Hajamdhuru mtu."

Kifurushi alibaki amekaa, zulia limefunuliwa, ulimi ukigusa ncha ya jino lake la mbele. Jino hilo lilikatika kipande Jumapili ya kwanza ya Bibi Harusi, wakirudi kwa bibi. Baba, na ugeni wa usukani, alitaka kulipita lori kwenye mteremko. Lori likayumba, baba akakanyaga breki, na yeye aliyekuwa amesimama nyuma akagonga mdomo kwenye kiti cha mbele. Anakumbuka damu kwenye kanga ya mama. Anakumbuka pia kwamba mama hakugomba. Alinyamaza njia nzima, na mama hakuwa mtu wa kunyamaza.

Kwa hiyo baba hakutia chumvi. Siku ya kwanza gari lilipanda kweli, na halikupanda tena kwa sababu mke wake alilifunga. Alishika sindano, akashona, kisha akaketi mbele miaka yote ile na kiganja chake kwenye dashibodi, eti leo ana nguvu, eti nimehisi. Alikuwa akimpaka mumewe mafuta kwa mgongo wa chupa! Zile Jumamosi zote, mikono ile iliyokwanguka, kopo la maziwa, mzani. Kifurushi alimpenda mama yake kuliko alivyojua kusema, lakini pale kwenye kiti cha dereva alimkasirikia, hasira ya kweli, na ilimuuma zaidi kwa kuwa mwenyewe hayupo wa kujibu.

Jambo moja lilikuwa wazi. Mzee alikuwa amebakiwa na vitu viwili, goti moja zima na kumbukumbu ya mke aliyemwamini. Akijua kwamba alichezewa shere maisha mazima, cha pili kitaondoka, na Kifurushi hakuwa tayari kuwa mtu wa kumpokonya. Alichukua wembe kutoka kwenye pochi yake ya kazi, akaukata mshono taratibu, akaifunga roli na kitambaa chake ndani ya leso, akaitia pochini.

"Fundi, nakuomba," alisema. "Mzee asijue. Mwambie ni kabureta."

Fundi Sauti aliapa kunyamaza, kwa sauti iliyosikika mpaka duka la pili. Bahati nzuri mzee alikuwa anamtazama paka.

*

Jumapili walitoka mapema, barabara ingali tupu. Mzee alivaa kofia yake ya zamani ya kazini na shati lililopigwa pasi, na alipopanda aligusa kiti cha abiria kwanza, kama kusafisha vumbi ambalo halikuwepo. Aliendesha polepole. Klachi ilimuuma, Kifurushi aliona shavu likikakamaa kila alipobadili gia.

Mlima ukaanza. Mzee akaweka gia ya tatu, akashusha pumzi, akakanyaga mafuta.

Pedali ilizama mpaka kwenye bati. Bibi Harusi akaguna, akainua pua, akaondoka. Kona ya ukuta wa mawe ikaja na kupita kama vile haijawahi kuwasumbua. Kifurushi alipiga kelele, akapiga dashibodi, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na wakati tangi la maji linapita dirishani alikuwa bado anapiga makofi.

"Tatu, baba! Gia ya tatu! Umeona?"

Mzee aliegesha pembeni ya tangi, akazima injini, akavuta hendibreki. Akavua kofia. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda kitu.

"Kiko wapi kidude cha mama yako?" aliuliza.

Makofi yalimfia Kifurushi mikononi.

"Kidude gani, baba?"

"Usinifanye mtoto. Mimi ni karani wa vifurushi. Kitu kimefungwa ndani ya kitambaa, nikikanyage kila siku, nisijue kwamba kipo?"

Hapo hakukuwa na pa kujificha. Kifurushi alifungua pochi, akatoa leso, akamwekea mzee roli kiganjani. Mzee aliipangusa kwa kidole gumba, kisha akaigeuzageuza.

"Ulijua tangu lini?" Kifurushi aliuliza.

"Wiki ile ile aliyoiweka. Alishona usiku, asubuhi gari halitaki kwenda. Nikafunua zulia. Nikaona mshono, na mshono wa mama yako nani asiyeujua? Nikalirudisha zulia, nikaenda kazini."

"Na hukuitoa?"

"Nitaitoaje?" Mzee alimgeukia. "Siku ile ya jino lako nilimwapia kwamba nitapunguza mwendo. Haikufika hata siku ya tatu nikasahau. Mguu wangu ulikuwa na wazimu, mwanangu, nakwambia ukweli. Alikuwa anaogopa kupanda gari na mimi, na hakutaka kuniaibisha kwa kuniambia. Ningesema nimekiona, tungegombana, ningeapa tena, ningesahau tena. Basi nikasema moyoni, sawa. Mguu nimekuachia wewe. Injini ni yangu. Nitaupanda mlima huu na kidude chako kikiwa palepale."

Kifurushi alitazama mikono ya baba yake, makovu madogo ya bisibisi na ya joto la injini. Kumbe Jumamosi zote zile alikuwa anacheza mchezo na mtu.

"Na alipokuwa anasema leo ana nguvu?"

"Alikuwa anasema kweli. Kuna siku alikuwa nazo. Siku ya lile kopo la maziwa tulikaribia kufika!" Mzee alimkazia macho. "Wewe ulifikiri ananidanganya?"

Kifurushi alianza kuikunja leso, maana ndivyo alivyofikiri tangu jana, na hata usingizini hakumsamehe.

"Mama alijua kwamba unajua?"

"Sijui." Mzee aliifunika roli kwa mkono mwingine. "Sikumuuliza. Ningemuuliza, ingebidi nikitoe."

Upepo ulivuma kwenye nguzo za tangi. Kifurushi aliokota kile kitambaa cha kijani mapajani, akaona tena ule upande ulioshonwa ovyo. Mishono ya mama ilikuwa imekuwa myeusi kwa vumbi na mafuta ya miaka. Kamba ya katani ilikuwa bado na rangi yake, na mwisho wake ulifungwa fundo bapa, la kubana, fundo la dirisha la vifurushi.

"Hii ni wewe, baba."

"Ilichanika baada ya msiba," mzee alisema. "Ikachomoka yenyewe. Nikaendesha siku moja bila hicho. Gari likakimbia, mwanangu, nilijihisi kama nimeiba la mtu. Nikarudi nyumbani, nikashona." Akakohoa. "Nimeshona vibaya."

"Vibaya sana, baba."

"Mama yako angefumua."

"Angefumua na angekununia."

Wakacheka, kwanza mmoja, kisha wote wawili, cheko la watu waliokuwa hawajacheka muda mrefu na hawana hakika kama wanaruhusiwa. Mzee alipangusa macho kwa kofia.

"Kirudishe," alisema. "Hivi tulivyopanda si kupanda."

Msusi hatoki nyumbani bila sindano. Kifurushi alikuwa na ile iliyopinda ya kushonea nywele na kibunda cha uzi mweusi. Alishuka, akapiga magoti kwenye lami mlangoni mwa dereva, akalifunua zulia juu ya magoti yake, akairudisha roli ndani ya kifuko. Hakugusa mishono ya mama iliyobaki, wala hakulifungua fundo la baba. Alishona pale tu alipokata yeye kwa wembe wake. Mzee alisimama na fimbo, akamsimamia kama mkaguzi.

"Uzi wa nywele utashika?"

"Unashika vichwa vya watu wabishi kuliko wewe."

Wakageuza, wakashuka mpaka chini kabisa, wakaanza upya. Gia ya tatu. Mzee akakanyaga, mguu ukagota kwenye mbao, na Kifurushi, bila kujua kwamba anafanya hivyo, alikuwa ameweka kiganja kwenye dashibodi. Bibi Harusi alivuta. Alivuta kwa heshima zote, lakini injini nayo imezeeka, na walipofika kwenye kona ya ukuta wa mawe akaanza kutetemeka, vioo vikagongana, sauti ikazama. Mzee alisimamisha gari pale kwenye upana wa kona. Walitazamana.

"Haya," Kifurushi alisema. "Ngoja nishuke nimpunguzie Bibi Harusi mizigo."

Akashuka. Mzee akageuza tena, akateremka, akapotea chini ya mlima. Kifurushi akavua viatu, akavishika mkononi, akaanza kupanda kwa miguu pembeni ya barabara. Lami ilikuwa imeanza kupata joto. Alikuwa hajatembea hapo tangu akiwa msichana, na miguu yake ilijua mahali pa kukwepa mawe.

Alisikia gari kabla ya kuliona. Lilikuja kutoka nyuma, likaipita kona, halikutetemeka. Lilimpita yeye akiwa amesimama kwenye majani, mlio mmoja uleule usiobadilika, baba peke yake nyuma ya usukani amenyooka na kofia yake. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Viti vya nyuma vilikuwa vitupu. Honi ikapigwa mara mbili. Kifurushi aliinua mkono, akaushikilia juu mpaka gari jeupe lilipokuwa dogo, likavuka tangi, likasimama.

Alipofika juu alikuwa anahema. Mzee alikuwa bado amekaa, injini inanguruma polepole, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Tatu," alisema. "Sikuigusa gia."

"Hongera, baba."

Mzee alitikisa kichwa kidogo. Alikuwa anatazama kwenye kioo, barabara tupu iliyoteremka nyuma yake.

"Miaka yote ile nahangaika na plagi," alisema. "Nang'oa redio, nang'oa mazulia. Kumbe ilitakiwa mshuke wote."

Kifurushi alizunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa abiria, akaingia, akaweka viatu miguuni na pochi mapajani.

"Geuza, baba."

"Twende wapi?"

"Chini. Tuanze tena. Safari hii sishuki."

Mzee alimtazama jinsi alivyokaa, akatazama na ile pochi, kisha akahesabu kichwani, maana kazi haimtoki mtu.

"Tukiwa wawili atashindwa," alisema.

"Acha ashindwe," Kifurushi alisema, akafunga mlango.